Chokaa ya Mama

Wewe uliyekaa kwenye benchi la kliniki ya kifua sasa hivi, kadi mkononi, umebana kikohozi ili jirani yako asisogee mbali, haya nimekuandikia wewe. Mimi nilikaa hapo mwaka mzima na zaidi. Nalijua lile benchi kuliko kochi la nyumbani kwangu. Najua upande unaopigwa na jua saa nne, na najua kwamba hata ukifika wa kwanza usikae kule mwisho, maana mlango wa choo unafungukia hapo. Hilo hakuna daktari atakayekuambia.

Jina langu Zuhura. Ni fundi cherehani, kibanda changu kipo Kwa Mathias, Kibaha, nyuma ya wauza viatu. Nilizaliwa Vihingo, Kisarawe, na mama yangu aliishi hukohuko mpaka mwisho wake. Mimi ni mtu wa maneno mengi. Wateja walikuwa wakiniambia, "Zuhura, shona kwanza, redio utawasha baadaye." Siku hizi redio yenyewe inakwaruza, sentensi moja naigawa mara mbili ili nipate pumzi. Lakini kuandika hakuhitaji mapafu, kwa hiyo nitasema yote. Nitasema na uongo niliomwambia mama yangu, kwa sababu ugonjwa nimeuzoea, ule uongo sijauzoea.

Tuna shamba la mpunga bondeni. Mimi ndiye niliyekuwa nalihudumia, Mama analilinda na ndege na watu. Mwaka ule tulipata mbolea ya ruzuku, mifuko mitatu ya SA, ile nyeupe ya chembechembe inayofanana na sukari. Kuipata ilikuwa shughuli. Jiandikishe, subiri ujumbe kwenye simu, nenda, ambiwa mtandao hakuna, rudi kesho. Sasa kitu umekihangaikia hivyo, ukakiweke bandani na majembe? Thubutu! Kwetu kitu cha thamani kinalala ndani na mwenyewe. Nyumba zote nilizoingia pale Vihingo mbolea ilikuwa chumbani, wengine uvunguni kabisa, watoto wanalala juu yake. Sisi tuliiweka kwenye chumba ninacholala mimi nikienda kulima.

Halafu kuna mchwa. Mama na mchwa walikuwa na ugomvi wa tangu sijazaliwa. Waliula mlango wa uani, wakalila sanduku la nguo zake za harusi, na hilo la sanduku hakuwasamehe. Kwa hiyo chochote kilichokaa sakafuni nyumbani kwake, gunia la mpunga, mahindi ya mbegu, hata begi langu la nguo, lazima akimwagie chokaa na majivu kwanza. Chokaa ilibaki nyingi tulipopaka nyumba. Akaitandaza chini nene, akachanganya na majivu ya jikoni, akapanga mifuko juu yake, kisha akanyunyiza nyingine katikati na juu. Alipomaliza akajifuta mikono kwenye khanga akasema, "Waje sasa, tuone."

Nikamcheka. Nikamwambia, "Mama, wewe hata mchwa wanakutetemekea." Nilimsifu kwa mdomo wangu huu. Sikujua, na yeye hakujua, kwamba chokaa na ile mbolea havikai pamoja.

Masika yakaja nikaenda kuweka mbolea ya kukuzia. Ikanyesha siku tatu mfululizo, bondeni hakuendeki, tukawa tunakaa jikoni tunachoma mihogo. Siku ya tatu, baada ya adhuhuri, nikasikia harufu kutoka chumbani. Harufu ya mkojo uliolala, lakini kali, inachoma puani. Nikaenda kutazama. Bati lilikuwa linavuja juu ya mifuko kabisa. Ule wa chini ulikuwa umepasuka, mbolea imeyeyuka, imechanganyika na chokaa imekuwa uji, na uji wenyewe unachemkachemka vipovu vidogo.

Mtu mwenye akili angekimbia. Mimi nilikwenda kuchukua ndoo na sahani. Nikafunga mlango nyuma yangu kwa sababu kuku walikuwa wananifuata, na kuku wakila mbolea wanakufa, hilo nilikuwa nalijua. Dirisha lilikuwa limefungwa kwa ajili ya mvua. Nikajifunga khanga puani, nikainama, nikaanza kuchota. Kila nikichota harufu inazidi. Macho yanatoka machozi, nafuta na mkono uleule, naendelea. Nilijiambia, maliza huu mfuko mmoja tu Zuhura, utoke.

Sikumaliza. Kifua kilijifunga ghafla, hewa haiingii wala haitoki, na macho yakawa kama yametiwa pilipili ya kusaga. Nilipapasa mlango nikaupata. Nikaangukia uani, kwenye matope.

Mama alikuwa na miaka sabini na kitu, mwembamba, lakini siku ile aliniburuta. Aliniweka kichwa mapajani akaanza kunimwagia maji ya mtungi usoni.

"Fumbua macho!"

"Siwezi, Mama."

"Fumbua nakuambia! Mimi ndiye niliyekuzaa, fumbua!"

Akanifumbua kwa vidole vyake. Alimwaga mtungi ukaisha, akamwaga ndoo mbili, kisha akanigeuza uso juu mvua inimalizie. Alikuwa analia na kunigombeza kwa pamoja. Jirani yetu Bi Tatu, shoga yake wa miaka yote, ndiye aliyekimbia kutafuta bodaboda.

Nililazwa siku tisa hospitali ya Tumbi, Kibaha, na mrija wa oksijeni puani. Siku tano za kwanza siwezi kuzieleza vizuri, nakumbuka zaidi sauti: magurudumu ya vitanda, mama mmoja wa kitanda cha pili aliyekuwa akiimba nyimbo za kanisani kwa kunong'ona, na pumzi yangu mwenyewe ikipiga filimbi. Niliporudi nyumbani nilijua nimepona. Nikafungua kibanda. Wiki ya pili nikashindwa kukanyaga cherehani. Cherehani, jamani! Kitu ninachokanyaga tangu nina miaka kumi na minane.

Kikohozi hakikuisha. Mwezi, miezi miwili. Nilikuwa nimewaambia madaktari kwamba nilivuta vumbi la mbolea, basi, sikueleza zaidi, maana nani anajua kwamba kuna zaidi? Wakanipima kifua kikuu. Wewe uliyewahi kupewa lile kopo la makohozi ukaambiwa uende nje pale pembeni, unajua. Majibu yalikuwa mazuri, sina, lakini mtaani majibu hayasomwi. Wifi yangu alikuja kuniona, akaondoka na vikombe vyake viwili alivyoniazima mwaka jana. Alisema amekumbuka tu kwamba ana wageni.

Mume wangu, Baba Shamsa, ni mhudumu wa ofisi huko Dar. Anaondoka alfajiri, anarudi usiku, na katikati ya usiku wake mke anakohoa. Alihamia sebuleni. Sikumlaumu, ila nilinuna. Asubuhi moja ya Jumapili nilikohoa mpaka nikatapika chai, naye akasema, "Hivi wewe Zuhura, huwezi hata kujizuia kidogo?" Akatoka nje. Nilimkuta nyuma ya nyumba ameshika ufagio, hafagii, machozi yanamtoka. Tulikaa pale kwenye ngazi, hakuna aliyeomba radhi. Jioni akarudisha mto wake chumbani.

Kipupwe kilinikuta bado ninakwenda kliniki kila baada ya wiki mbili. Ndipo nilipokutana na yule daktari wa kifua. Msichana mdogo tu, ana miwani, anaongea polepole utadhani anakuhesabia kitu. Yeye hakuniuliza ninakohoaje. Aliniuliza siku ile ilikuwaje, tangu mwanzo. Mfuko umeandikwaje? Ulikuwa mkavu au umelowa? Chini kulikuwa na nini?

"Chokaa," nikasema. "Na majivu. Kwa ajili ya mchwa."

Akaweka kalamu chini. Akanieleza kwa lugha ya kawaida: mbolea ya aina ile ikikutana na chokaa au majivu, na maji yakaingia, inatoa hewa ya sumu. Hewa hiyo inaunguza popote penye unyevu, na mtu penye unyevu ni macho, koo na mapafu. Mapafu yangu hayakuwa na pumu wala kifua kikuu. Yaliungua, yakapona kwa makovu. Akaniuliza nani alinimwagia maji. Nikasema mama yangu. Akasema, "Jicho la kulia umebaki nalo kwa sababu yake. La kushoto lisingekuwa na ukungu tu, lingekwisha."

Kisha akauliza, kwa ajili ya kuandika, "Chokaa aliiweka nani?"

"Mimi," nikasema.

Uongo wa kwanza ulitoka hivyo, mwepesi kabisa.

Nilianzishiwa vidonge ambavyo vilinivimbisha uso ukawa duara. Pale Kwa Mathias watu wakawa wananipongeza. "Fundi umenawiri! Mambo yamekunyookea!" Mimi nacheka, ndani ya gauni miguu imekonda, ngazi tatu za benki zinanishinda. Sauti ikashuka ikawa nzito, mteja mmoja kwenye simu akaniita "kaka". Na jicho la kushoto likawa halioni tundu la sindano. Hapo ndipo nilipolia kweli. Binti yangu Shamsa alikuwa kidato cha tatu wakati huo. Asubuhi nikakuta kwenye mto wangu wa sindano amechomeka sindano kumi za mkono, kila moja ina uzi wake tayari, nyeusi, nyeupe, nyekundu, kahawia. Alifanya hivyo kila siku kabla ya kwenda shule, na hajaacha.

Kwenye benchi nikapata mwenzangu, Mama Neema, mwalimu mstaafu kutoka bara, kifua chake kilikuwa kibovu kuliko changu. Alikuwa anakuja na karanga za kuchemsha kwenye mfuko wa kitambaa. Yeye ndiye aliyenifundisha kupumua: vuta taratibu kwa pua, kisha toa kwa midomo iliyobana, kama unapoza chai ya moto, na kutoa kuwe kurefu kuliko kuvuta. "Usigombane na pumzi, mwanangu," alisema. "Ukigombana nayo, yenyewe inashinda." Nilikuwa nikifanya hivyo natazama ukuta wa rangi ya maziwa, naye ananihesabia kwa kugonga karanga kwenye goti.

Sasa nifike pale ninapopaogopa.

Mama alikuja Kibaha kuniona wakati wa kiangazi, na mihogo, na jogoo amefungwa miguu. Alikaa kitandani kwangu akanitazama uso ule wa duara. Akanigusa shavu.

"Daktari amesemaje, mwanangu? Ni nini hasa?"

Nilikuwa nimejiandaa. Njia nzima kutoka kliniki siku ile nilikuwa nimeipanga.

"Amesema mbolea yenyewe ilikuwa mbovu, Mama. Imeharibika tangu dukani."

Akafumba macho. Akashusha pumzi ndefu, mabega yakalegea. "Alhamdulillahi," akasema. "Mimi nilikuwa silali. Nilikuwa najiuliza, labda kuna kitu nimefanya mimi. Najiuliza, ni kitu gani, sikipati."

"Wewe ufanye nini, Mama? Wewe ndiye uliyeniokoa. Daktari amesema ni maji yako."

Akacheka huku analia. Alikula vizuri siku ile, kwa mara ya kwanza tangu masika, alisema mwenyewe. Nikajiona nimefanya la maana. Mtu amzae mtu, amlee, halafu uzeeni aambiwe kwamba mkono wake ndio umemuunguza? Mimi siwezi. Ndivyo nilivyojiambia, na nikamwambia Baba Shamsa naye afunge mdomo. Alitikisa kichwa akasema, "Utamwambia siku nyingine basi." Nikamwambia, "Siku nyingine ipi? Yamekwisha."

Hayakwisha, kwa sababu mpunga unalimwa kila mwaka.

Vuli ilipokaribia Mama alijisajili tena, akapata mifuko miwili. Mimi nilikuwa sijui mpaka aliponipigia. Nilikuwa kibandani, nina wateja wawili wamesimama, mmoja anapimwa. Sauti yake ilikuwa na furaha.

"Zuhura, mbolea imekuja. Safari hii nimeikagua mwenyewe, nzima kabisa. Nimeiweka chumbani kwangu. Chumba chako nimekuachia kitupu, nimekifagia, ukija usije ukakohoa."

Utepe wa kupimia ukanidondoka.

"Mama, umeiwekaje?"

"Kama kawaida. Ila chokaa nimeweka mara mbili, hii haitaharibika."

Nilikuwa nayo nafasi. Simu mkononi, mama yangu upande wa pili, anasikiliza. Ingenichukua pumzi mbili. Nikasema, "Mama, itoe nje."

"Nje? Iibiwe?"

"Itoe tu, Mama. Weka hata kwa Bi Tatu."

"Kwa Tatu wamejaa. Kwani ina nini? Si umesema ile ilikuwa mbovu ya dukani? Hii nzima, nimekuambia."

Mteja akakohoa kidogo, akaangalia saa. Nikasema, "Basi nakuja Jumamosi." Nilipanga niende, niitoe kimyakimya, niifagie ile chokaa kwa visingizio vyangu, asijue kitu. Hata hapo bado nilikuwa nalinda ule uongo.

Jumamosi nikaamka kifua kimebana, nikavuta inhela, kile kikopo cha dawa ya kifua, mara mbili, haikusaidia kitu. Baba Shamsa akataka kwenda yeye. Nikamkatalia. Nilijua akifika atasema ukweli. Nikampigia Mama, nikamwambia nitakuja Jumatano. Akanijibu, "Pumzika mwanangu, hakuna haraka, huku hata mvua haijaanza."

Ilianza Jumatatu. Jumanne saa tano asubuhi Bi Tatu akapiga simu, anapiga kelele sielewi. Nilichoelewa ni kwamba alikwenda kuomba moto, akamkuta Mama kwenye kizingiti cha chumba chake, amelala kifudifudi, ndoo pembeni, sahani mkononi. Mlango alikuwa ameufunga kwa ajili ya kuku. Aliufungua akiwa amechelewa, na Bi Tatu alifika baadaye. Hakukuwa na mtu wa kummwagia maji.

Walimkimbiza hospitali ya Kisarawe, wakamwekea oksijeni, wakamleta Tumbi na gari la wagonjwa. Nilikuwa namsubiri getini. Alipopita kwenye machela alikuwa na bandeji machoni, anavuta pumzi na filimbi ileile. Nilikaa kwenye benchi nje ya wodi, safari hii siyo mgonjwa, na nikagundua kwamba kukaa pale kama ndugu ni kugumu zaidi. Mgonjwa ana kazi ya kupumua. Ndugu hana kazi. Mama Neema alipita na karanga zake, akaniona, akakaa bila kuuliza. Akagonga goti langu kwa kidole, polepole, mpaka nikakumbuka kutoa hewa.

Siku ya tatu aliweza kusema kidogo. Nilimshika mkono, ule wa chokaa, kucha bado nyeupe.

"Zuhura?"

"Abee, Mama."

"Na hii nayo ilikuwa mbovu?"

Daktari wetu wa miwani alikuwa amesimama miguuni pa kitanda. Aliniangalia. Mama naye amegeuza bandeji zake upande wangu, anasubiri. Nilifungua mdomo. Wallahi nilifungua mdomo kusema ule ukweli. Halafu nikamwona alivyo mdogo kwenye lile shuka.

"Ndiyo, Mama. Nayo ilikuwa mbovu."

"Watu wa dukani hawana huruma," akasema. Akanibana vidole. Alifariki kesho yake, mchana, wakati wa adhana ya adhuhuri. Tulimzika Vihingo.

Sikuandika haya wakati ule. Nilishindwa hata kushona. Nilikuwa nakaa na zile sindano kumi za Shamsa, jioni anazikuta kama alivyoziacha. Alikuwa anabadilisha nyuzi, siku nyingine za rangi nilizopenda. Dawa nilimeza kwa sababu alisimama mlangoni mpaka niimeze.

Arobaini ilinikuta na pumzi kidogo. Baada ya hitma wanaume wakatoka nje, sisi wanawake tukabaki ndani na sahani za pilau. Mazungumzo yakaenda kwenye mvua, yakaenda kwenye mpunga. Bi Tatu akasema, kwa mapenzi tu, "Marehemu alikuwa mwalimu wetu. Mimi chokaa ya kuwekea mifuko alinifundisha yeye. Mtaa mzima alitufundisha. Nyumbani kwangu iko hivi ninavyosema, mifuko minne, chini ya kitanda cha wajukuu."



Nikaweka sahani chini. Nikasema, kwa ile sauti yangu ya kukwaruza, "Bi Tatu, shikamoo yako iko palepale, lakini naomba unisikilize. Haikuwa mbolea mbovu. Ni chokaa."

Nikawaeleza. Mbolea isikae na chokaa, wala majivu, hata kijiko. Isikae na mtu chumbani, iwe ya ruzuku, iwe ya dhahabu. Itafutieni banda lenye komeo na hewa inayopita, iinuliwe kwenye mbao isiguse chini, mbali na paa linalovuja, mbali na chakula na mafuta ya taa. Na mfuko ukiisha usiufue ukawekea unga, kama tulivyozoea. Ukikuta imelowa na inanuka puani, usiende kuiokoa. Acha mlango wazi, wewe toka, simama upande upepo unakotoka, ita watu. Ikikupata machoni, maji, maji mengi, muda mrefu, kisha hospitali, na umwambie daktari mfuko umeandikwaje na ulikaa na nini. Nilipumzika mara sita kumaliza hayo.

Mama yangu mdogo alisimama, khanga imemdondoka kichwani. "Zuhura! Siku ya arobaini yake unamsema mama yako? Unasema alijiua mwenyewe?"

"Hapana, Mama Mdogo. Nasema nilijua. Daktari aliniambia tangu kipupwe. Mimi sikumwambia."

Mtoto wa mtu alikuwa analamba sufuria nje, tukamsikia vizuri.

Bi Tatu akauliza taratibu, "Yeye hakujua kabisa?"

"Aliniuliza. Kitandani. Nikamdanganya tena."

Nilingoja anitukane. Nilitaka anitukane. Alinitazama, macho yamemjaa, kisha akajikusanya akainuka kwa kushika ukuta. Akasema, "Wajukuu zangu wamelala mchana huu." Akatoka mbio, viatu kaviacha, na wanawake wakainuka mmoja mmoja nyuma yake, Mama Mdogo naye akiwa wa mwisho.

Tukawatoa watoto kwanza. Nikataka kuingia kusaidia kubeba, Bi Tatu akanizuia kifuani kwa mkono. "Wewe kaa nje," akasema. "Mama yako hakukumwagia maji yote yale ili uje ufe kwangu."

Nikakaa nje, upande upepo unakotoka. Walitoa mfuko wa kwanza, chini yake mweupe kwa chokaa, wakatoa wa pili, wakatoa wa tatu. Nililia mpaka wa nne ukatoka, na mlango tukauacha wazi.